Gari la Umeme Linanuka Kuungua: Namna ya Kukifikia Chanzo

Gari la umeme halina bomba la moshi, halina oili ya injini ya kudondokea chuma cha moto, wala klachi ya kuungua mlimani. Ndiyo maana dereva aliyezoea petroli akisikia harufu ya kuungua ndani ya gari hili, mawazo hukimbilia betri moja kwa moja. Mara nyingi chanzo si betri. Ni breki, ni hita, au ni plagi ya kuchajia. Lakini siku ambayo ni betri hakuna nafasi ya kupekuapekua, kwa hiyo kazi yote huanza kwa kuhakikisha kwamba si yenyewe.

Dalili ambazo hazichunguzwi

Egesha pembeni, zima muziki na feni, shuka, kisha utazame chini ya gari na usikilize. Ukiona moshi mweupe au wa kijivu unatoka chini ya sakafu, ukisikia mvuke unafoka au milio ya kupasukapasuka kama bisi kwenye sufuria, au ukisikia harufu tamu ya kemikali inayokaribia ile ya thina ya rangi, usitafute zaidi. Hali kadhalika dashibodi ikitoa onyo jekundu la betri na amri ya kusimama mara moja. Zima gari, toa kila mtu, sogeeni mita 15 au zaidi mkikaa upande unakotoka upepo, na upige simu zimamoto ukiwaambia waziwazi kwamba ni gari la umeme. Usirudi kuchukua begi. Usifungue boneti.

Sababu ya haraka hiyo ni hii. Betri kubwa ni mamia, pengine maelfu ya seli ndogo zilizopangwa ndani ya sanduku chini ya sakafu. Seli moja ikiharibika na kupata joto kupita kiasi, huanza kuzalisha joto lake yenyewe bila kuhitaji umeme kutoka nje, na joto hilo huambukiza seli ya jirani. Gesi inayotoka inashika moto, na ndani yake mna haidrojeni floraidi, sumu inayounguza macho na mapafu. Kizimamoto kidogo kinaweza kuzima ndimi za moto unazoziona, lakini hakiwezi kupooza seli zilizofungiwa ndani ya sanduku. Zimamoto wenyewe hulazimika kutumia maelfu ya lita za maji. Tena gari lililozimwa moto linaweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa, kwa hiyo haliegeshwi karibu na nyumba.

Kama hayo yanatokea gari likiwa linachaji, kata umeme kwenye swichi kuu iwapo iko mbali na gari, au simamisha kuchaji kwa programu ya simu. Usiinamie moshi ili uchomoe kebo.

Historia ya gari nayo inahesabika. Gari lililogongwa chini na jiwe au chuma, au lililozama kwenye maji, lipe uzito zaidi hata kama harufu ni hafifu. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kuliko yote: baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida mwaka 2022, magari ya umeme kadhaa yaliyokuwa yamefunikwa na maji ya bahari yalishika moto, mengine siku nyingi baada ya maji kupungua. Chumvi hubaki ndani na kuutengenezea umeme njia pasipotakiwa. Pia tafuta namba ya chesi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari lako limeitwa kurudishwa kwa ukarabati. Mwaka 2021 General Motors iliyaita magari yote ya Chevrolet Bolt kwa sababu ya kasoro mbili ndani ya seli zake, na wenye magari wakaambiwa waegeshe nje na wasiyaache yakichaji usiku kucha. Onyo la namna hiyo likiwahusu wenye gari kama lako, lifuate hata kama hujasikia harufu yoyote.

Hakuna moshi, hakuna milio, hakuna onyo? Sasa unaweza kuchunguza.

Uliza lini, ndipo uulize inanukaje

Watu wengi huanza kwa kubishana na pua: ni mpira, ni plastiki, ni waya? Pua hudanganyika upesi, na baada ya dakika chache huzoea harufu na kuacha kuisikia kabisa. Wakati haudanganyi. Harufu inayotokea ukichaji tu ina watuhumiwa wachache sana, na hao si wale wa harufu inayotokea ukimaliza kuteremka mlima. Kwa hiyo andika: gari lilikuwa linafanya nini, kwa muda gani, betri ilikuwa asilimia ngapi, hita au kiyoyozi kiliwashwa au la, na harufu ilikuwa kali zaidi ndani au nje, mbele au nyuma.

Kuna jaribio moja la kufanya kabla ya yote. Weka hewa ya ndani izunguke humo humo bila kuvuta ya nje. Harufu ikipotea, ilikuwa inatoka nje, pengine hata kwa lori lililo mbele yako. Ikizidi, chanzo kimo ndani ya gari au kwenye njia ya hewa.

Inanuka wakati wa kuchaji

Hapa ndipo ninapotaka usimame kwa muda mrefu, kwa sababu ndipo penye hatari inayopuuzwa kuliko zote, na hatari yenyewe mara nyingi haiko kwenye gari. Iko ukutani.

Joto kwenye kiungo cha umeme hukua kwa mraba wa mkondo. Chukua soketi ambayo ndani yake mguso umelegea kidogo na kuongeza ukinzani wa omu 0.05. Mkondo wa ampea 10 ukipita hapo, kiungo kinatoa wati 5, joto ambalo huenda usilitambue. Mkondo wa ampea 32 ukipita kwenye kiungo chenye ulegevu ule ule, kinatoa wati 51, na joto hilo lote limebanwa ndani ya plastiki. Ongeza muda. Pasi huwaka na kujizima yenyewe kila baada ya muda mfupi, nayo hutumika kwa dakika chache tu. Gari huvuta mkondo ule ule kwa saa 8 bila kupumzika. Soketi iliyohudumia nyumba miaka mingi bila lawama inaweza kuharibika ndani ya wiki chache za kuchaji gari, na kosa si la gari.

Kagua hivi. Simamisha kuchaji kwanza kwenye gari au kwenye programu, ndipo uchomoe. Kuchomoa mkondo ukiwa unapita huchoma pini. Gusa plagi na uso wa soketi kwa nyuma ya kidole. Vuguvugu ni kawaida. Kama huwezi kuacha kidole hapo, kuna tatizo. Kisha tazama pini za plagi mahali penye mwanga. Pini nzima ina rangi moja, inang'aa. Pini iliyopata joto huwa na kivuli cha kahawia au buluu karibu na shina lake, na plastiki inayoizunguka huonekana kama imelowa kisha ikakauka: inang'aa isivyo kawaida, ukingo wake umelainika, pengine imevimba kidogo upande mmoja. Mara nyingi ni pini moja tu, na nyingine haina doa. Hiyo ndiyo saini ya mguso uliolegea. Soketi ya namna hiyo haisafishwi kwa msasa ikaendelea kutumika; springi za ndani zimeshapoteza nguvu ya kubana. Hubadilishwa, na plagi iliyoungua hubadilishwa pamoja nayo, kwa sababu plagi mbovu huharibu soketi mpya.

Mwambie fundi umeme afungue pia nyuma ya soketi na kwenye kikatio kikuu cha umeme. Skrubu inayobana waya ikilegea, kinachoungua ni waya nyuma ya ukuta, na wewe mbele unasikia harufu tu bila kuona chochote. Mwulize pia unene wa nyaya zenyewe na kama laini hiyo inagawana na vifaa vingine vizito. Gari linastahili laini yake peke yake, yenye kikatio chake.

Waya wa nyongeza, yaani ekstensheni, usitumike. Ukilazimika siku moja, uwe mnene, mfupi, na umekunjuliwa wote. Uliobaki umeviringishwa kwenye gurudumu lake hauna pa kutolea joto na huyeyuka katikati.

Upande wa gari, tundu la kuchajia kwa kawaida lina kihisi joto. Pini zikipata joto, gari hupunguza mkondo lenyewe. Ndiyo maana dalili ya kwanza huwa si harufu bali kasi: jana lilichaji kwa ampea 32, leo linashuka hadi 16 katikati ya usiku bila sababu. Tazama ndani ya tundu kwa tochi bila kuingiza kitu chochote. Vumbi, mchanga, rangi ya kijani ya shaba iliyoliwa, au pini iliyobadilika rangi, vyote hivyo ni kazi ya fundi wa magari ya umeme. Jaribu pia chaja nyingine mahali pengine. Harufu ikibaki kwenye chaja moja tu, gari halina hatia. Ikilifuata gari kila linakochaji, tundu ndilo la kushughulikiwa.

Wakati unangoja fundi, kupunguza mkondo kwenye mipangilio ya gari hadi ampea 8 au 10 hupunguza joto sana kwa hesabu ile ile ya hapo juu. Lakini soketi iliyokwisha kuyeyuka haichajiwi hata kwa ampea 6.

Inanuka baada ya kushika breki, au gurudumu moja ni la moto

Breki za gari la umeme huharibika kwa kutotumika. Ukiachia pedali ya mwendo, mota hugeuka jenereta, hulipunguzia gari kasi na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi na diski zinapumzika siku nzima. Matokeo yake ni kutu kwenye diski, na pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zinazopaswa kuteleza zinaganda. Siku ukikanyaga kwa nguvu, kalipa inabana na haiachii. Pedi inaburuzwa kilomita nyingi huku dereva hajui. Volkswagen iliweka breki za ngoma, ambazo zimefunikwa, nyuma kwenye ID.3 na ID.4 kwa sababu hii hii ya breki za nyuma kutumika kidogo.

Harufu yake ni kali, inachoma pua, iko karibu na mazulia yaliyoungua, na huisikia vizuri ukishuka na kuzunguka gari kuliko ukiwa ndani. Endesha dakika kumi bila kushika breki sana, simama, kisha upime magurudumu manne kwa kipimajoto cha kuelekeza, kile kisichogusa. Kama huna, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa diski. Magurudumu ya ekseli moja yanatakiwa kukaribiana. Moja likiwa la moto kupita mwenzake waziwazi, umempata. Dalili nyingine ni umeme kuisha haraka kuliko kawaida na gari kuvutia upande mmoja.

Gurudumu la nyuma likiwa ndilo la moto, shuku handbreki ya umeme kabla ya kalipa yenyewe. Ifunge na kuiachia mara kadhaa, usikilize kama mota ndogo za pande zote mbili zinalia sawa. Upande ulio kimya ndio wenye tatizo.

Ila si kila harufu ya breki ni ubovu. Betri ikiwa imejaa asilimia 100, haina pa kuweka umeme mwingine, kwa hiyo gari huzuia mota isirudishe umeme, na breki za kawaida hubeba kazi yote. Mtu anayekaa mlimani, akichaji usiku hadi kujaa, asubuhi akateremka kilomita kadhaa, atasikia harufu ya pedi bila chochote kuharibika. Tiba ni kuchaji hadi asilimia 80 au 85 tu na kuacha nafasi ya mteremko. Betri ya baridi sana nayo hufanya hivyo hivyo. Pedi mpya vilevile hunuka kwa kilomita mia za mwanzo.

Kwa matengenezo, kalipa zifunguliwe, pini zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni inayovumilia joto kila mwaka, hata kama pedi zinaonekana mpya. Pedi nene kwenye gari la umeme haithibitishi kwamba breki ni nzima.

Inanuka ukiwasha hita au feni

Hita ya gari la umeme haipati joto la bure kutoka kwenye injini. Magari mengi hutumia kipande cha kauri kinachopashwa kwa umeme wa volti nyingi, na nguvu yake inaweza kufika kilowati 5 au zaidi. Kikikaa miezi bila kuwashwa, vumbi hutulia juu yake na kuungua siku ya kwanza ya baridi. Hiyo hunuka kama vumbi kweli, na huisha ndani ya nusu saa madirisha yakiwa wazi. Badilisha kichujio cha hewa ya ndani, mara nyingi kiko nyuma ya droo ya abiria. Ukikuta majani makavu, nyasi au manyoya, panya ameingia, na hapo kagua pia nyaya zilizo karibu, maana panya hujenga nyumba penye joto na kutafuna kilicho jirani.

Harufu ya samaki ni suala jingine. Plastiki za soketi na viunganishi vya umeme zikipata joto kupita kiasi, nyingi hutoa harufu inayofanana na samaki au mkojo. Ukiisikia kwenye matundu ya hewa na hakuna samaki garini, zima feni na hita, usiwashe tena. Kiunganishi cha feni kinayeyuka, au hita yenyewe. Feni ni ya volti 12 na fundi wa kawaida anaiweza. Hita ni ya volti nyingi na si yake.

Inanuka ukivuta nguvu nyingi

Ukipanda mlima mrefu, ukivuta tela, au ukikanyaga mara nyingi mfululizo, na gari likapunguza nguvu lenyewe au likaonyesha picha ya kobe, basi mota au inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, imepata joto. Varnishi ya nyaya za mota ikiungua hunuka ukali wa kipekee ambao hauondoki haraka kwenye nguo. Kwanza tazama kiwango cha kipozeo kwenye chupa yake, mfumo ukiwa umepoa, kwa sababu sababu ya kawaida ni pampu iliyokufa au kipozeo kilichovuja, si mota yenyewe. Kipozeo nacho hunuka utamu, utamu wa sharubati. Kikiwa kinadondoka mbele na unaona unyevu wenye rangi, ni uvujaji wa kawaida wa kupeleka gereji. Utamu unaotoka chini ya sakafu bila unyevu wowote unaoonekana, uchukulie kama wa betri na urudi kwenye sehemu ya kwanza.

Gia ya kupunguza mwendo ina oili yake. Ikivuja kwenye sili ya ekseli na kurukia breki, hunuka mafuta yaliyoungua, na ndani ya rimu utaona michirizi myeusi yenye grisi.

Mayai yaliyooza

Hii ni betri ndogo ya volti 12 ikichajiwa kupita kiasi. Pima kwa multimita gari likiwa limewashwa: karibu volti 14 ni sawa, ikivuka 15 mfumo wa kuichaji umeharibika. Betri iliyovimba ubavu hubadilishwa. Inatoa pia haidrojeni, kwa hiyo fungua boneti, acha hewa ipite, na usisababishe cheche yoyote hapo.

Vyanzo vidogo vya kupitia haraka ni kamera ya dashibodi, amplifaya au alamu iliyofungwa kwa kuunganisha waya bila fyuzi. Mfuko wa plastiki ulionasa kwenye diski. Tairi pana kuliko ya kiwandani inayosugua ndani ya bodi ukikata kona na mzigo. Gari jipya kabisa hunuka kwa siku za mwanzo kwa sababu ya mafuta ya kuzuia kutu.

Unachoweza kufanya mwenyewe, na cha kumwachia fundi

Magurudumu, vichujio, fyuzi za volti 12, plagi, soketi kwa kutazama: hivyo ni vyako. Nyaya za rangi ya machungwa na kila kitu kilichounganishwa nazo si vyako. Zinabeba volti kama 400, kwenye baadhi ya magari 800, na kuzima gari hakutoshi kwa sababu kapasita ndani ya inveta hubaki na umeme kwa dakika kadhaa. Fundi aliyefunzwa hukata kiunganishi cha usalama, hungoja muda ulioandikwa na mtengenezaji, huvaa glavu zilizopimwa kwa volti 1,000, kisha hupima kuthibitisha hakuna umeme kabla ya kugusa. Fundi anayekwambia hahitaji glavu, chukua gari lako uondoke.

Ukimpelekea, mpe ile karatasi ya wakati na mazingira, na usioshe gari kabla. Masizi na michirizi ni ushahidi. Mwombe asome misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta zote za gari, pamoja na ile iliyohifadhiwa lakini haiwashi taa, apime ukinzani wa kihami (kinachozuia umeme usivuje) cha mfumo wa volti nyingi, na akuonyeshe kipuri kilichotolewa. Baada ya ukarabati, rudia hali ile ile iliyoleta harufu: mlima ule ule, chaja ile ile, hita kwa kiwango kile kile. Gari likikaa wiki bila kunuka kwa sababu tu hukuwasha hita, hujajaribu chochote.